MBWA ALIYETESWA ANAWEZA KUFUNDISHWA



Mwezi huu tunawaletea habari za mbwa. Huenda mtajiuliza mbwa anahusiana nini na ukurasa wa afya. Sisi wauguzi tunaoosha majeraha ya meno tunajua kwamba anahusiana sana.

Mvulana wa Tandale mwenye umri wa miaka 7 aliletwa kwetu na mama yake akiwa ameumwa mkononi. Mbwa aliyemuuma alikuwa koko, asiye na mwenyewe, anayezurura kati ya soko na Mto Ng'ombe akitafuta makombo. Kila alipopita alirushiwa mawe. Mtoto alimwonea huruma, akamfuata uchochoroni na kipande cha andazi, kisha akainama. Mbwa alidhani anaokotewa jiwe, akauma. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwanza jeraha

Mama alikuwa amepaka pilipili kwenye jeraha na kupoteza siku nzima akitafuta mitishamba. Tafadhalini, wazazi, msifanye hivyo. Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo katika mate. Dalili zikishaanza, mgonjwa karibu daima hufa. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu unazuilika. Osheni jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mwende hospitali siku hiyo hiyo mkachomwe chanjo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu. Malizeni sindano zote mlizopangiwa.

Mvulana yule alianza chanjo. Mbwa naye hakuuawa. Mtaalamu wa mifugo aliagiza afungiwe uani kwa siku 10 na kuangaliwa, kwa kuwa mbwa mwenye virusi katika mate kwa kawaida huugua au kufa katika siku hizo. Siku ya 10 ilipofika alikuwa mzima, akachanjwa. Mama alitaka aondolewe. "Baba, huyu si ndiye aliyemuuma mwanangu?" Babu wa mtoto akamjibu, "Mwanangu, tukimrudisha mtaani atauma mtoto wa mwenzio." Wakakubaliana abaki, ila babu peke yake ndiye amshughulikie.

Kumfundisha mbwa mwenye hofu

Tulipomuuliza babu alivyofanya, alisema hakutumia fimbo hata siku moja. Tunawapa hatua zake, kwa sababu zinakubaliana na mafunzo ya wataalamu wa wanyama.

1. Mpeni kona yake yenye kivuli, maji na utulivu. Kwa siku za mwanzo msimguse. Mtu mmoja amlishe, saa zile zile kila siku.

2. Msimkodolee macho wala kumwinamia. Kaeni ubavuni, mbali kidogo, mzungumze kwa sauti ya chini. Mwacheni aje mwenyewe kunusa.

3. Akisogea bila hofu, mtupieni dagaa mmoja. Baadaye mwiteni jina lake, na akija apate dagaa. Vivyo hivyo afundishwe kukaa. Mazoezi yawe ya dakika chache, mara kwa mara.

4. Jueni dalili za hofu: mkia kati ya miguu, masikio kulala nyuma, mwili kukakamaa. Akinguruma, rudini nyuma. Msimpige kwa kunguruma, maana huko ni kuonya. Mbwa aliyezoeshwa kutoonya huuma ghafla.

5. Msimfunge kwa mnyororo mfupi kutwa nzima. Humzidishia ukali.

Kazi hii huchukua miezi, si siku. Babu alisema ilipita miezi miwili kabla mbwa hajaacha kujificha kila aliposhika fagio.

Ulinzi wa watoto na majirani

Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata aliyefugwa miaka mingi. Asimsumbue anapokula, anapolala au anaponyonyesha. Mbwa achanjwe akifikia miezi 3, na chanjo irudiwe kila mwaka. Ulizeni ofisi ya mifugo ya manispaa. Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kumbukumbu ya kifo cha Louis Pasteur mwaka 1895, ambaye chanjo yake ilimwokoa mtoto aliyeumwa mwaka 1885.

Mkiona mbwa anayetokwa na mate mengi, aliyelegea taya au anayeuma ovyo, msimkaribie. Toeni taarifa.

Nyumba za Tandale zimebanana, na majirani wetu wengi ni Waislamu ambao mate ya mbwa kwao ni najisi. Babu aliwaendea kwanza, akaahidi kumzuia uani. Huo ndio ujirani mwema.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kuwatesa wanyama, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inatufundisha hivyo hivyo. Basi wazazi, tuwakanye vijana wetu wanaorusha mawe. Jiwe lililomfikia yule mbwa lilirudi kwa mtoto asiye na hatia.

Mvulana alimaliza sindano zake. Siku hizi humtupia mbwa dagaa, babu akiwa kando yake. Kumshika kichwa bado hajaruhusiwa, na mbwa mwenyewe bado hajaomba.

Mungu awabariki na kuwalinda ninyi na watoto wenu.