Redio Inapohama Masafa: Jinsi ya Kufupisha Muda wa Kufunga

Mpiga udi anapopanga nyuzi zake kabla taarab haijaanza, humwomba mwenzake wa ganuni ampigie noti moja, kisha huzungusha kigingi huku akisikiliza. Sauti mbili zikikaribiana bila kulingana, husikika zikitetema, wau-wau-wau. Kadiri anavyosogea, mtetemo unapoa mpaka unatoweka. Mwenye pupa hupitiliza, akarudi, akapitiliza tena. Mwoga naye huvuta kidogo kidogo mpaka watu wakaanza kutazama saa. Kitanzi cha kufunga fezi, saketi inayoipa simu au redio masafa yake sahihi, hufanya kazi hiyo hiyo na hupatwa na kasoro hizo hizo mbili.

Ndani yake mna osileta ambayo masafa yake hufuata volteji inayopewa. Kigawanyi huyagawa masafa hayo, na kilinganishi cha fezi huyapima dhidi ya mapigo ya kristali. Pakiwa na tofauti, pampu ya chaji huingiza au huvuta mkondo, na kichujio cha kapasita na rezista huugeuza mkondo huo kuwa volteji ya kuiongoza osileta. Ukibadilisha namba ya kigawanyi, kitanzi huanza safari ya kwenda masafa mapya. Muda wa safari hiyo, hadi osileta itulie, ndio muda wa kufunga.

Chukua simu ya GSM. Fremu moja ina milisekunde 4.615, imegawanywa vipande vinane vya maikrosekunde 577 kila kimoja. Ndani ya fremu hiyo simu hupokea, hutuma kwenye masafa mengine, kisha huchungulia minara ya jirani. Mtandao ukitumia mbinu ya kurukaruka masafa, chaneli nayo hubadilika karibu mara 217 kwa sekunde. Kila badiliko linataka kitanzi kiwe kimeshatulia kabla kazi haijaanza.

Sasa tupige hesabu. Tuseme osileta inaruka megahezi 25, na tunataka ibaki na kosa la hezi 90 tu, yaani sehemu moja katika milioni kumi ya megahezi 900. Kitanzi chenye upana wa kilohezi 10, yaani kinachoweza kufuata mabadiliko ya hadi kasi hiyo, hupunguza kosa hadi kama theluthi yake kila baada ya maikrosekunde 32 hivi. Kutoka megahezi 25 hadi hezi 90 kunahitaji hatua kumi na mbili na nusu za namna hiyo, karibu maikrosekunde 400. Ukikata umbali wa kuruka kwa nusu, unaokoa maikrosekunde 22 tu. Ukiongeza upana wa kitanzi mara mbili, unaokoa 200. Kwa hiyo anayetaka kasi ashughulike kwanza na upana.

Mbona basi tusiupanue tu? Kwa sababu kichujio kipana hupitisha uchafu. Mapigo ya kilinganishi hupenya hadi kwenye osileta na kuzaa mawimbi ya pembeni yanayoingilia chaneli za wenzako. Zaidi ya hapo, upana ukikaribia kasi ya ulinganishi wenyewe, kitanzi huanza kuyumba. Mafundi wengi hawazidi sehemu moja ya kumi ya kasi hiyo. Chaneli za GSM hupishana kwa kilohezi 200, kwa hiyo kitanzi cha kawaida, kinachogawa kwa namba nzima, hulinganisha kwa kilohezi 200, na upana wake huishia kilohezi 20.

Njia ya kwanza ya kutoka hapo ni kigawanyi cha sehemu, kinachogawa kwa namba isiyo nzima. Kristali ya megahezi 13 hulinganishwa moja kwa moja bila kupunguzwa, na kitanzi hupata nafasi ya kupanuka. Gharama yake ni kelele ya kigawanyi kinachobadilisha namba kila mara, ambayo lazima nayo ichujwe.

Njia ya pili ni kukifanya kitanzi kiwe na tabia mbili. Kikiwa safarini, mkondo wa pampu huongezwa mara nne na rezista ya kichujio hupunguzwa kwa nusu. Upana huongezeka mara mbili bila kuharibu uthabiti. Kikikaribia kufika, hurudishwa kwenye wembamba wake. Ubadilishaji wenyewe huacha mshtuko mdogo, kwa hiyo usifanywe dakika ya mwisho, kitanzi kipate muda wa kuumeza.

Mruko ukiwa mkubwa sana, hesabu yetu ya theluthi haifanyi kazi. Kilinganishi hupoteza hesabu ya mizunguko, na volteji hupanda kwa ngazi ngazi. Hapo ndipo inapofaa kuisogeza osileta karibu na shabaha kabla ya kufunga, kwa volteji iliyokwisha kuhifadhiwa au kwa kuchagua seti ya kapasita ndani ya chipu. Pupa na woga navyo vina kipimo: akiba ya fezi, yaani nafasi inayobaki kabla kitanzi hakijaanza kuyumba, ya takriban digrii 50. Ikiwa ndogo, volteji hupitiliza na kurudi. Ikiwa kubwa, hutambaa.

Mezani mambo haya huonekana kwa macho. Ukigusisha probu ya oskiloskopu moja kwa moja kwenye kichujio, probu yenyewe hunyonya chaji na kukidanganya kitanzi, kwa hiyo weka kikuza ishara cha kutenganisha katikati. Ukishafanya hivyo, huenda ukaona volteji ikipanda vizuri, kisha ikaburuta mkia mrefu ambao hesabu haikuutaja. Kabla ya kulaumu hesabu, angalia kapasita. Kauri za bei nafuu huwa na kumbukumbu: baada ya volteji kubadilika, huendelea kutoa au kunyonya chaji kidogo kwa muda. Weka kapasita ya filamu, au kauri ya daraja la C0G, na mkia huo hufupika bila kugusa kitu kingine chochote.