Mbwa wa Kongo, kanuni za London

FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa lenye makao yake Thuin, Ubelgiji, limempa basenji namba 43 katika orodha yake. Penye asili wameandika Afrika ya Kati. Penye ulezi wameandika Uingereza. Maana yake, mbwa ametoka kwetu, lakini wanaoamua mkia wake ujikunje kiasi gani na paji lake liwe na makunyanzi mangapi wanakaa London.

Wengi wetu Kalemie tungempita basenji barabarani bila kumwangalia mara mbili. Ni mbwa mdogo mwekundu, masikio wima, mkia umeviringika mgongoni. Habweki kama wenzake. Hutoa mlio unaokaribia wimbo. Kwa sababu hiyo wawindaji wa msitu wa Ituri humfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua alipo wakati wanyama wanaposukumwa kwenye nyavu. Waingereza walijaribu kumpeleka kwao mwaka 1895, lakini mbwa wale walikufa kwa ugonjwa wa distempa. Mwaka 1937 bibi mmoja, Olivia Burn, aliwaonyesha wengine katika maonyesho ya Crufts, na watu wakajazana kuwatazama.

Kutoka kwa mbwa wachache sana wa namna hiyo ndipo ukoo mzima wa Ulaya na Marekani ulipozaliwa. Kisha daftari likafungwa: mtoto haandikwi kuwa basenji mpaka baba na mama yake wawe wameandikwa humo. Utaratibu huu una umri mrefu. Maonyesho ya kwanza ya mbwa yalifanyika Newcastle mwaka 1859, na Kennel Club ya London ikaundwa mwaka 1873. Mwamuzi hupima urefu, rangi, mwendo na macho. Figo hazioni.

Na ugonjwa ulijificha kwenye figo. Figo nzima huchuja damu, halafu mirija yake midogo hurudisha mwilini vitu vya thamani: sukari, chumvi, asidi za amino. Katika ugonjwa wa Fanconi mirija hiyo hushindwa kurudisha, navyo hupotea kwenye mkojo. Mbwa hunywa maji bila kukoma, hukojoa mno, hukonda, na mwisho figo hufa. Ajabu yake ni kwamba mkojo una sukari ilhali sukari ya damu ni ya kawaida, hivyo mtu asiyejua hudhani ni kisukari. Marekani ugonjwa huu wa Fanconi ulikadiriwa kumpata basenji mmoja katika kila kumi.

Jeni lenye kasoro lazima litoke kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wawili wanaolibeba bila kuugua, kila mtoto wao ana nafasi moja kati ya nne ya kuugua. Katika kundi dogo lililofungiwa, wabebaji hukutana kila mara. Tena dalili huanza mara nyingi mbwa akiwa na miaka minne hadi minane, yaani akiwa ameshapata tuzo zake na ameshazaa. Kipimo cha kinasaba kilipatikana Chuo Kikuu cha Missouri mwaka 2007 tu.

Kabla ya hapo tiba, yaani damu mpya, ilitafutwa kule mbwa alikotoka. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji kutoka Marekani walikuja Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, wakaenda hadi kaskazini-mashariki katika nchi ya Azande, wakarudi na watoto wa mbwa wa kijijini. Chama cha mbwa cha Marekani kilikubali kuwaingiza kwenye daftari mwaka 1990, na rangi ya milia, ambayo kiwango chao, yaani maelezo ya sura inayotakiwa, hakikuwa nayo, ikaandikwa pia. Kwa hiyo waliotunza damu iliyohitajika ni Azande, ambao hawakuwahi kuwa na daftari.

Kwa basenji, basi, sura yenyewe haikuwa tatizo. Mwili wake ni wa wastani na kiwango chake hakimvunji. Bulldog ni kesi nyingine. Pale kiwango kilisifu uso mfupi, wafugaji wakaufupisha zaidi na zaidi. Mifupa ilipungua lakini nyama za ndani hazikupungua: kaakaa laini ni refu mno, matundu ya pua ni membamba. Mbwa hapoi kwa jasho. Hupoa kwa kuhema. Asiyeweza kuhema vizuri, jua la saa saba mchana kando ya ziwa letu linaweza kumuua. Huko Uingereza zaidi ya asilimia 80 ya mizao ya bulldog ilikuwa kwa upasuaji, kwa sababu kichwa cha mtoto hakipiti. Naona kiwango cha namna hiyo kinastahili kuitwa ukatili, hata kikiandikwa kwa lugha tamu.

Baada ya filamu ya BBC ya mwaka 2008 kuonyesha mateso hayo, Kennel Club ilirekebisha viwango vyake mwaka uliofuata. Uholanzi imeweka kipimo: pua isipungue nusu ya urefu wa fuvu. Mahakama Kuu ya Norway iliamua mwaka 2023 kwamba kuzalisha mbwa aina ya cavalier, wanaosumbuliwa na moyo na fuvu lililobana ubongo, kunavunja sheria ya ustawi wa wanyama.

Kalemie bulldog ni nadra. Anayetafutwa ni berje wa Kijerumani, wa kulinda nyumba. Ukoo huo nao una kasoro ya nyonga, mfupa wa paja usiokaa sawa kwenye kikombe chake, na ule mgongo ulioteremka unaopendwa kwenye maonyesho haumsaidii. Ukienda kununua mtoto, omba kwanza mama yake atembezwe. Mtazame akiinuka kutoka kulala, akikimbia, akiruka ngazi. Akiyumba nyuma, karatasi za ukoo zisikushawishi. Na mwenye mbwa wa kijijini mwenye afya asimdharau: mpeleke tu achanjwe kichaa cha mbwa, maana hiyo ndiyo hatari iliyo karibu zaidi na watoto wetu.