Kompyuta nzima ndani ya flashi: jinsi ya kujitengenezea mfumo wako ukiwa Masasi au Newala

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya bure ya kawaida kwa Windows 10. Kwa mwenye mashine mpya hilo si tatizo, anahamia Windows 11. Lakini Windows 11 inataka RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kompyuta nyingi zilizoko kwenye steshenari, shule na ofisi ndogo za vyama vya msingi hazina hivyo vitu.

Je, mashine hizo ni chuma chakavu? Hapana. Kuna njia ya kuziamsha kwa kutumia flashi ndogo tu, hata ya GB 4. Ndani ya flashi hiyo unaweka mfumo endeshi mzima, wenye dirisha, kivinjari, programu ya kuandikia na ya mahesabu. Unaichomeka, unawasha mashine, unafanya kazi zako. Ukimaliza unachomoa na kuondoka nayo mfukoni.

Twende hatua kwa hatua.

Inafanyaje kazi?

Mfumo endeshi ni programu mama inayoongoza kompyuta: kioo, kibodi, diski, printa, vyote vinaisikiliza. Kwa kawaida unakaa kwenye diski iliyo ndani ya mashine. Lakini kompyuta yenyewe haijali mfumo umekaa wapi. Ikiambiwa uko kwenye flashi, inauchukua huko.

Mashine ikiwaka, kiini cha mfumo kinasomwa kutoka kwenye flashi. Kisha linafunguliwa faili moja kubwa lililobanwa, ambalo ndani yake mna programu zote. Kwenye mifumo midogo, faili hilo huhamishiwa lote kwenye RAM. RAM ina kasi kuliko diski ya zamani, ndiyo maana kompyuta iliyokuwa inaganda kila dakika inaanza kukimbia.

Jambo la kuvutia ni hili: faili hilo kubwa halibadilishwi. Mabadiliko yako yote yanawekwa kwenye tabaka la juu yake. Ni kama mwalimu wa jiografia anayeweka karatasi angavu juu ya ramani na kuchora juu yake. Akikosea anabadilisha karatasi, ramani iko palepale. Kwa hiyo hata ukiharibu mipangilio, mfumo wa chini unabaki mzima.

Wazo si geni

Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix mwaka 2000, mfumo wa Linux uliowaka moja kwa moja kutoka kwenye CD. Mwaka 2003 Barry Kauler wa Australia akaanzisha Puppy Linux, mfumo mdogo uliolengwa kwa kompyuta za zamani. Ukatokea pia Damn Small Linux uliojibana ndani ya MB 50 tu, na baadaye Tiny Core ambao toleo lake lenye dirisha halifiki MB 30. Ndiyo, umesoma vizuri. Ni mdogo kuliko video nyingi unazotumiwa kwenye WhatsApp.

Na sisi tumeshiriki. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu programu huria zinaruhusu mtu yeyote kuzifungua, kuzibadilisha na kuzigawa bila kuomba kibali. Ruhusa hiyohiyo ndiyo inayokuwezesha wewe leo kutengeneza flashi yako.

Kwa nini hapa kwetu?

Sababu ya kwanza ni kompyuta za kushirikiana. Mwanafunzi wa Masasi anaandika barua ya maombi steshenari, kesho anakwenda kwa mwingine. Kila mashine ina virusi vyake. Vile vinavyogeuza mafolda yote kuwa njia za mkato kila mtu anavijua. Ukifanya kazi kwa mfumo wako mwenyewe, virusi vya Windows vilivyolala kwenye diski ya mashine ile havipati nafasi ya kuamka.

Sababu ya pili ni msimu wa korosho. Minada ikianza Oktoba, karani wa AMCOS ana orodha za wakulima, kilo na namba za akaunti. Mashine ikigoma katikati ya msimu, au fundi akaipiga chini Windows bila kuhamisha mafaili, mkulima ndiye anayesubiri malipo. Flashi yenye mfumo wake inaweza kuhamia mashine nyingine na kazi ikaendelea siku hiyohiyo.

Sababu ya tatu ni Windows za kukraki. Nyingi zinawekwa kwa bei ya kutupwa, lakini programu za kukrakia mara nyingi huja na wageni ndani yake. Linux haina haja ya kukrakiwa, ni bure kihalali.

Watu wa Newala wanajua kuvuna maji ya mvua na kuyaweka akiba, kwa sababu juu ya tambarare ile hakuna mto wa kukimbilia. Flashi hii ni akiba ya namna hiyo.

Uchague upi?

Angalia kwanza RAM ya mashine unazotumia.

• RAM ya GB 2 au zaidi: chukua Puppy Linux ya biti 64. Toleo la FossaPup64 ni kama MB 400. BookwormPup64 ni kubwa zaidi lakini ni jipya zaidi.
• RAM ya GB 1: Puppy bado inakwenda, ila usifungue kurasa nyingi za mtandao kwa pamoja.
• Chini ya hapo: Tiny Core. Inaweza kufanya kazi vizuri kwa RAM ya MB 128, lakini kivinjari cha kisasa usikitegemee.

Kwa anayeanza, Puppy ndiyo rahisi. Matoleo yake mengi huja na AbiWord ya kuandikia na Gnumeric ya mahesabu.

Hatua za kuitengeneza

1. Tafuta flashi ya kweli. Madukani kuna flashi zilizoandikwa GB 512 ambazo ndani yake hazifiki hata GB 16. Zikijaa zinaanza kufuta mafaili kimyakimya. Ipime kwanza kwa programu ya bure iitwayo H2testw. Afadhali GB 8 ya kweli kuliko GB 512 ya maandishi.

2. Hamisha kila kitu kilichomo. Flashi itafutwa yote.

3. Pakua faili la mfumo, lile linaloishia na ISO, kutoka tovuti rasmi. Tumia bando la usiku kama ni nafuu kwako. Kisha hakikisha halikukatika njiani: tovuti huweka mlolongo wa herufi na tarakimu wa kuhakiki, nawe unaulinganisha na wa faili lako. Ukitofautiana hata herufi moja, pakua upya.

4. Liandike kwenye flashi. Kwenye Windows tumia Rufus: chagua flashi, chagua faili la ISO, weka MBR kwa mashine za zamani, bonyeza Start. Ikikuuliza aina ya uandishi, chagua ISO. Kunakili faili lile na kulibandika kwenye flashi hakutoshi, mashine haitawaka.

Huna kompyuta kabisa? Simu ya Android inayokubali waya wa OTG inaweza kuifanya kazi hii kwa programu ya EtchDroid. Ila njia hii huishika flashi yote, na nafasi inayobaki itabidi uitengenezee sehemu yake baadaye kwa GParted ukishaingia kwenye mfumo.

5. Washa mashine kwa flashi. Zima kompyuta, chomeka, washa huku ukibonyeza kitufe cha kuchagua. Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP nyingi ni Esc au F9. Orodha ikitokea, chagua flashi. Ikikataa, huenda ukahitaji kuzima Secure Boot.

Angalizo: kama Windows ya mashine hiyo imefungwa kwa BitLocker, usiguse Secure Boot kabla hujawa na ufunguo wake wa kurejeshea. Unaweza kumfungia mwenye mashine nje ya mafaili yake mwenyewe.

6. Ingia mtandaoni. Kama Wi-Fi haikamati, unganisha simu kwa waya wa USB na uwashe kushirikisha intaneti kwa USB. Mara nyingi inakubali palepale.

7. Zima kwa utaratibu. Mara ya kwanza Puppy itakuuliza kama unataka kuhifadhi kikao chako. Kubali, chagua flashi yako, upe ukubwa wa MB 512 au GB 1. Baadhi ya matoleo yanakuruhusu kuufunga kwa neno la siri. Kubali na hilo.

Umeme ukikatika je?

Hapa ndipo wengi wanapopoteza kazi, kwa hiyo soma taratibu.

Kwa sababu kila kitu kiko kwenye RAM, umeme ukikatika RAM inasahau yote. Mfumo hautaharibika, lakini barua uliyokuwa unaandika itakwenda. Puppy ikiwa kwenye flashi, kwa kawaida huhamisha mabadiliko kwenda kwenye flashi kila baada ya dakika 30 na pale unapozima. Dakika 30 ni nyingi mno kwa mtu anayeingiza orodha ya wakulima 200.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, kwenye uso wa Puppy kuna alama ya Save, ibonyeze kila unapomaliza ukurasa. Pili, hifadhi nyaraka zako kwenye folda iitwayo /mnt/home. Hiyo ndiyo flashi yenyewe, faili linaandikwa huko bila kusubiri. Faida ya ziada: ukitumia Rufus kama tulivyoeleza, mafaili hayo utayaona hata ukichomeka flashi kwenye Windows ya kawaida.

Ukitaka iwe yako kabisa

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua Puppy iliyokamilika, kuondoa usichohitaji, kuongeza unachohitaji, kisha kutumia kifaa chake cha kutengenezea toleo jipya. Ni sawa na kununua nyumba iliyokwisha na kubadilisha vyumba.

Ya pili ni kuanza na Tiny Core kama msingi mtupu, kisha kuongeza programu moja moja: kivinjari leo, kiandikio kesho, printa keshokutwa. Kuna kifaa kiitwacho ezremaster cha kuzifunga zote ziwe ISO moja. Inachosha zaidi, lakini mwishoni unajua kila tofali limekaa wapi. Mwalimu wa kompyuta anaweza kuandaa toleo moja lenye vitabu na mazoezi ya darasa lake, akalinakili kwenye flashi za wanafunzi wote.

Usichotegemea

Programu za Windows kama QuickBooks usitarajie zikimbie humu. Baadhi ya printa na kadi za Wi-Fi zitagoma. Nyaraka za Word zenye majedwali magumu zinaweza kubadilika mpangilio, kwa hiyo barua muhimu igeuze kuwa PDF kabla ya kuituma. Pia Puppy humpa mtumiaji mamlaka yote ya mfumo, hivyo ukifuta kitu kwenye diski ya mashine haitakuuliza mara mbili.

Sheria na adabu

Flashi hii inaweza pia kufungua kompyuta ambayo Windows yake imekufa na kuokoa mafaili. Ni msaada mkubwa, lakini fanya hivyo kwa ruhusa ya mwenye mashine tu. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Na ukibeba majina na akaunti za watu, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Flashi ikidondoka kwenye basi la kwenda Newala bila neno la siri, ni orodha nzima ya wakulima iliyodondoka.

La mwisho: flashi nayo hufa, tena bila kuaga. Tengeneza mbili. Moja tembea nayo, nyingine iache nyumbani, na kila Ijumaa nakili mafaili mapya kutoka ya kwanza kwenda ya pili. Ikifa ya kwanza, unachomeka ya pili na kazi inaendelea.