Chakula katika Mchanga wa Bunju



Tumepokea masuala mengi kutoka kwa wenzetu ambao watoto wao wamehamia Dar es Salaam na kupata viwanja Bunju, kwenye barabara ya Bagamoyo, ukishapita Tegeta na Boko. Suala lao ni moja: mchanga ule utatoa chakula, au mtu apoteze nguvu zake bure? Twaona yafaa tujibu kwa wote, kwani mkulima wa karafuu hahitaji kuelezwa sana hatari ya kula kutoka dukani tu.

Karafuu haziliwi. Mwaka mkubwa mtu hujaza mikoba, mwaka mdogo hukopa. Wazee wetu walilionja jambo hili mwaka 1942, Wajapani walipoiteka Burma. Mchele wa Burma ndio uliokuwa ukipikwa Unguja na Pemba, na ulipokatika, fedha ya karafuu haikuweza kuurudisha. Chakula kikagawiwa kwa kipimo, na watu wakaugeukia muhogo na viazi vitamu. Wala tusidhani hayo ni ya zamani tu. Mwezi wa Julai 2023 India ilizuia mchele wake mweupe wa kawaida usiuzwe nje, na bei ikapanda hata katika nchi zisizonunua kwake. Zuio hilo halikuondolewa mpaka Septemba 2024.

Sasa Bunju. Ardhi ya huko kwa sehemu kubwa ni mchanga, nao hauweki maji: mvua ikinyesha asubuhi, jioni umekauka. Dar es Salaam hupata kiasi cha milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, chache kuliko Pemba, na nyingi hushuka katika masika, Machi hadi Mei, na kidogo katika vuli. Visima vingi vya pwani vina munyu. Basi asiwepo mtu wa kupeleka mche wa mkarafuu kule kwa kumbukumbu ya nyumbani. (Tumesikia ya kwamba wapo waliojaribu.)

Unaoufaa mchanga huo ni muhogo. Chukua eneo la hatua kumi kwa kumi nyuma ya nyumba, panda kwa nafasi ya hatua moja kila upande, utapata mashina 100 hivi. Tuseme kila shina litoe kilo 2 tu, kwa kuwa ardhi ni maskini: hizo ni kilo 200, na nyumba inayopika kilo 3 kwa siku itakula siku 60 na zaidi. Si mwaka mzima, lakini ni miezi miwili bila kumtazama mwenye duka. Tena muhogo ghala lake ni ardhi. Ukishatimia miezi tisa au kumi na mbili, ng'oa wa leo tu na uuache wa kesho, kwa maana ukishang'olewa huharibika katika siku mbili au tatu.

Mchanga nao husaidiwa. Chimba shimo la kina cha dhiraa, tandika makumbi makuukuu yaliyokwisha kunyeshewa, juu yake samadi na majani yaliyooza, kisha urudishe udongo. Makumbi hunywa maji na kuyatoa polepole. Juu ya mashimo hayo panda mchicha, ambao huchumwa kwa wiki tatu au nne, na matembele. Baina ya mihogo tia kunde, ambazo huipa ardhi nguvu na jikoni hutoa majani na mbegu. Maji ya kuoshea mchele na mboga yasimwagwe uani. Kisima kikiwa na munyu, usikitumie kwa miche michanga.

Lililotutia wasiwasi zaidi ni hili. Mama aliyeko kisiwani humwonea huruma mwanawe, akafunga mzigo wa vijiti vya muhogo mtamu wa nyumbani na kuupakia botini. Tunawasihi msifanye hivyo. Maradhi ya michirizi ya kahawia, ambayo H. H. Storey wa kituo cha Amani, Usambara, aliyaandika mwaka 1936, husafiri mbali ndani ya vijiti hivyo hivyo. Nzi weupe huyaeneza kutoka shamba hadi shamba tu. Anayeyavusha bahari ni binadamu. Ubaya wake ni kwamba shina laweza kuonekana zima, mtu akangoja mwaka, na akichimba akute muhogo umeoza kwa ndani, mkavu, wa rangi ya kahawia. Zanzibar ilitoa mbegu zinazostahimili mwaka 2007, zikiwemo Kizimbani na Machui, na hizo ni za kupandwa hapa. Aliyeko Bunju aende kituo cha utafiti cha Kibaha, ambacho si mbali naye, aulizie mbegu ya Kiroba au nyingine watakayompa. Kijiti kiwe cha shubiri moja, kutoka shina lililokomaa.

Na muhogo mchungu usichezewe. Mwaka wa ukame sumu yake huzidi. Mwaka 1981, katika Nampula, Msumbiji, njaa iliwafanya watu waule bila ya kuuloweka na kuukausha ipasavyo, na zaidi ya watu elfu moja walipooza miguu, wengi wao wanawake na watoto. Mwenye watoto nyumbani apande mtamu, na akilazimika kula mchungu, aumenye, auloweke siku tatu, auanike ukauke kabisa ndipo autwange.

Mbuzi wa jirani ni habari nyingine. Uzio wa miba hutosha.

Wanachama wa hapa visiwani wanaohitaji vijiti vya mbegu zilizotajwa wapeleke majina kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa Februari, pamoja na idadi ya mashina wanayotaka, ili vipatikane kabla mvua ya kwanza haijanyesha.