Shingo ya rejeta ikipasuka, usikimbilie mfuniko



Mwezi wa nane 2023 Hilux moja ya zamani, ya mfanyabiashara wa unga, ilisimama karibu na shule yetu ikitoa moshi mweupe mbele. Kumbe si moshi, ni mvuke. Dereva akaenda kutafuta maji. Huku nyuma kijana mmoja wa darasa langu akajifanya fundi, akafungua mfuniko wa rejeta. Maji ya moto yakamrukia mkono mzima.

Tulimmwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, ndipo tukampeleka zahanati. Mama mmoja alishaleta dawa ya meno apakwe. Samahani mama, nilikataa na leo bado ningekataa. Dawa ya meno na mafuta ya kupikia havipakwi kwenye kidonda cha moto.

Mbona maji yaruke hivyo? Rejeta, ambayo sisi wa Uvira tumezoea kuita radiatere, imefungwa kwa mfuniko wenye springi unaozuia presha. Ndani ya presha ile maji yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Ukifungua tu, presha inaanguka na yote yanachemka kwa mara moja. Basi subiri nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu uweze kuushika kwa mkono. Na usimwage maji baridi kwenye injini yenye moto, hedi inaweza kupasuka, na hapo gari la mtu limekufa.

Jioni alikuja papa mmoja jirani yetu, fundi wa siku nyingi. Hakutazama mfuniko hata kidogo. Alishika mpira wa juu akautikisa, akasema, "Mwalimu, angalia shingo." Ile shingo ya shaba inayovaa mpira ilikuwa na ufa chini kabisa, pale inapoungana na tangi. Raba zinazoshika injini zilikuwa zimechoka, injini inacheza, mpira unavuta shingo kila siku.

Alimwaga maji yote, akatoa rejeta, akasugua ufa kwa brashi ya waya na msasa hadi shaba ikang'aa. Penye kutu au grisi lehemu haishiki, utapoteza siku. Akapaka dawa ya kulehemu, akapasha chuma kwenye makaa, akayeyusha lehemu kuzunguka shingo taratibu. Hakutumia moto mkali, kwa sababu viungo vya rejeta yenyewe navyo vimeshikwa kwa lehemu. Ukizidisha, unaziba hapa kunavuja kule. Halafu lehemu nyingi ina risasi, ni sumu. Alifanyia nje kwenye upepo, watoto mbali, na jiko lile si la kupikia.

Kupima ndiko kulikonifurahisha. Aliziba matundu kwa mpira na vijiti, akazamisha rejeta kwenye beseni kubwa, akapuliza kidogo kwa pampu ya baiskeli. Povu likatoka sehemu moja. Akarudia. Mara ya pili, kimya.

Magari ya karibuni yana rejeta ya alumini yenye tangi la plastiki. Hiyo hailehemiwi, na gundi peke yake haikai sana. Shingo ikivunjika, chomeka kipande cha bomba la chuma kinachobana ndani ya kisiki kilichobaki, vuta mpira juu yake ufunike hadi kwenye kisiki, kaza klempu mbili. Ni ya kukufikisha nyumbani tu, ukitazama geji njia nzima. Baadaye tangi libadilishwe.

Yule dereva alibadilisha raba za injini wiki ile ile, papa alimlazimisha. Kijana wangu alipona, kovu lipo. Sasa Jumamosi anakwenda kushika pampu kwa papa, na darasani ndiye anayewaeleza wenzake presha ni nini.