Dereva ana presha, tunamuuliza Ukimwi

DEREVA wa lori akishuka hapa Rusumo hushika kiuno kwanza, ndipo asalimie. Kutoka Dar es Salaam mpaka daraja la Mto Kagera ni zaidi ya kilomita 1,300, kupitia Dodoma, Singida, Kahama na Benaco, na karibu safari yote ameimaliza kwenye kiti kimoja.

Mmoja wao, mtu wa miaka hamsini na ushei, nilimkuta kwa mama ntilie. Sisi tuliosoma uhamishoni Tanzania hatuhitaji mkalimani kuongea na watu hawa. Alinionyesha vidonge vyake vya presha: vimebaki viwili.

“Mwalimu, nilipewa vya mwezi. Mzigo ukachelewa bandarini, halafu foleni. Kigali sifiki navyo.”

“Sasa mzee wangu, si uende zahanati?”

Akacheka. “Nikienda wananipima Ukimwi. Presha hawaniulizi.”

Kicheko hicho kina historia. Mwaka 1994 Dk. Job Bwayo na wenzake walichapisha utafiti wa madereva 970 waliopimwa kando ya barabara nje ya Nairobi. Asilimia 27 walikuwa na VVU. Tangu hapo dereva akawa ndiye Ukimwi wenyewe. Kampeni za kondomu na upimaji zilizofuata kwenye barabara kuu zilikuwa za lazima, na bado zinahitajika. Lakini macho yetu yaliganda hapo.

Hebu tazama siku yake. Anakaa saa kumi na zaidi, anakula chipsi na nyama ya chumvi usiku wa manane, anabana mkojo, analala vipande vipande kwa kuogopa wezi wa dizeli. Presha haina kelele. Mtu anajiona mzima mpaka siku anapopooza upande mmoja, na huenda siku hiyo ameshika usukani mteremkoni, mbele yake kuna basi la wafanyabiashara wenzetu.

Anayeishi na VVU naye anaumizwa na foleni hiyo hiyo. Akimeza ARV kila siku mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa kujamiiana. Akikatiza dozi, virusi hurudi na vinaweza kuwa sugu. Faili lake liko Temeke, yeye yuko Kirehe.

Tusiambiwe kwamba kuvusha taarifa za afya mpakani haiwezekani. Mwaka 2020, wakati wa Korona, madereva wa Tanzania walipinga hapa Rusumo agizo la kukabidhi malori kwa madereva wa Rwanda. Mwaka huo huo baadhi ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilianza mfumo wa simu uliofanya cheti cha Korona cha dereva kisomeke kwa jirani. Tulipoogopa atuambukize, karatasi yake ilivuka. Ya presha inayomuua yeye peke yake haivuki.

Kwa sasa, anayesafiri abebe dawa za wiki mbili za ziada, na aandikiwe jina halisi la dawa, si la kibiashara tu, kwani boksi la ng’ambo huwa na jina jingine.

Yule mzee aliazima kisu cha mama ntilie, akakata vidonge vyake viwili nusu kwa nusu. Nilimwambia nusu dozi haimkingi. Akasema foleni imeanza kusogea.