Jina la Mtakatifu Kwenye Chupa ya Dawa



Mama mmoja alituletea chupa ya vidonge vya mitishamba aliyotumiwa na ndugu yake aliye ng'ambo. Mwanawe wa miaka minane hatulii. Darasani huinuka kila mara, daftari zake hupotea, hujibu kabla swali halijaisha. Majirani husema hakufunzwa adabu. "Maadamu ni mmea wa Mtakatifu Yohane," alituuliza, "nimpe?"

Swali hilo ni la wazazi wengi, nasi twalijibu hapa.

Ni mmea gani?

Ni mmea wa Ulaya wenye maua ya manjano. Huchanua karibu na sikukuu ya Yohane Mbatizaji, Juni 24, ndipo ulipopata jina. Kwenye chupa huandikwa Hypericum. Watu wazima huutumia kwa ugonjwa wa huzuni.

Je, huwatuliza watoto?

Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya majaribio kwa watoto 54 wa miaka 6 hadi 17 wenye tatizo hili. Kwa wiki 8 nusu yao walipewa mmea huu, na nusu vidonge visivyo na dawa. Makundi yote mawili yalikuwa na waliopata nafuu, wala mmea haukuonyesha faida zaidi. Basi jirani akisema, "Wangu alitulia," huenda hasemi uongo; ila si lazima iwe ni mmea uliomtuliza.

Hatari zake

Mmea huu hulifanya ini liondoe upesi dawa nyingine mwilini. Dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI na baadhi ya dawa za kifafa huweza kupungua nguvu. Tena, baadhi ya dawa za mitishamba zimewahi kukutwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto na kumzidishia utukutu.

Tufanye nini?

1. Mtoto apimwe masikio, macho na damu. Asiyesikia vizuri huonekana mkaidi. Mweleze mganga kama aliwahi kuugua kifafa au malaria ya kichwani.

2. Ikiwa dalili zilianza kabla ya miaka 12, zimedumu miezi 6 au zaidi, na zinaonekana nyumbani na shuleni pia, mpelekeni kwa daktari wa watoto au wa magonjwa ya akili. Dawa za hospitali zipo, lakini daktari ndiye aamuaye.

3. Mpe agizo moja moja: "Lete maji." Akilitimiza, msifu papo hapo. Saa za kula, kusoma na kulala zisibadilike. Mwombeni mwalimu amketishe mbele. Fimbo haitibu ugonjwa huu.

Yule mama tulimshauri aiweke chupa kando na ampeleke mtoto akapimwe. Nawe mzazi, usimpe mtoto dawa kwa sababu tu ya jina lake zuri.